Unataka kupandisha wageni miamba? Hivi ndo kazi inaanza

Karibu kila wikendi pale Elsa Gate, geti la hifadhi ya Hell's Gate huko Naivasha, kuna kijana ananisimamisha nikiwa na kamba begani ananiuliza, mkubwa, hii kazi mtu anaingiaje? Na huwa sina muda wa kumjibu vizuri manake wageni wako kwa gari wananingoja, namwambia nipigie jioni, alafu jioni niko kwa matatu nimelala. Sasa nimeamua kuandika yote mara moja, hatua kwa hatua, venye mimi mwenyewe ningependa kuambiwa nikianza. Ni miaka kumi na moja sasa niko kwa hii kazi na bado naipenda, kwa hivyo nitaandika kirefu pale naona watu wanaumia.

Hatua ya 1: Jua kazi yenyewe ni ipi

Wengi wanadhani mwongozaji ni mtu wa kupanda. Siku ya kawaida pale Fischer's Tower, ule mnara wa mawe wa mita 25 unaoukuta ukishaingia geti, mimi napanda mara moja tu, asubuhi, kwenda kuweka kamba juu. Basi. Kutoka hapo hadi saa kumi jioni niko chini nashika kamba ya mtu mwingine, tukipokezana na msaidizi, shingo imeinuka, jua liko usoni, viganja vimekuwa vyeusi kwa unga wa zile chuma. Wakija wanafunzi 15 na kila mmoja apande mara mbili, hiyo ni mara 30 mtu ameweka uhai wake kwa mkono wako, na ile mara ya 30, ukiwa na njaa na umechoka, lazima uwe makini sawasawa na ile ya kwanza.

Kazi ni kuangalia watu. Unaangalia mkono unatetemeka, unaangalia nani amenyamaza ghafla na alikuwa anaongea sana kwa basi, unaangalia nani hajakunywa maji. Kama raha yako ni kupanda wewe mwenyewe, endelea kupanda, ni mchezo mzuri sana, lakini usichukue wageni.

Hatua ya 2: Panda kwanza, miaka miwili hivi

Usikimbilie kuongoza. Panda na watu wanaokuzidi, shika kamba zao, beba mizigo yao, uliza. Kwa Kenya tuna bahati. Lukenya iko kando ya Mombasa Road ukipita Athi River, kama kilomita 40 kutoka Nairobi, mwamba wake ni mgumu na unashika ngozi ya vidole mpaka inatoka. Hell's Gate ni mawe ya volkano, nguzo zimesimama kama penseli kwa boksi, na katikati ya nguzo ndo kuna nyufa za kupandia. Nyufa zinakufundisha kuweka vifaa vyako mwenyewe, nati na kamu (vyuma vya kukwamisha ndani ya ufa ili vishike kamba), sio kufuata bolti, zile chuma za kudumu mtu mwingine ametobolea mwamba. Nairobi kuna kuta za ndani pia, zinafaa kujenga vidole na kujifunza kushika kamba, lakini ukuta wa ndani haung'oki ukiushika na hauna nyuki. Chama cha wapanda milima, Mountain Club of Kenya, kiko tangu 1949 na wanachama wake wamepanda Lukenya miaka yote hiyo, jiunge nao ukiweza.

Mimi kamba yangu ya kwanza nilishikiwa Lukenya na mzee mmoja ambaye hakuwa anaongea sana. Nikikosea alikuwa anasema tu "shuka", nashuka, ananionyesha, napanda tena. Siku nzima tulifanya njia moja. Nilikasirika siku hiyo lakini leo wanafunzi wangu nawafanyia hivyo hivyo.

Alafu nunua daftari, lile la shule la kurasa 96. Kila siku ukipanda andika tarehe, mahali, njia gani, na nani, hali ya hewa, na kitu kilichoenda vibaya hata kama ni kidogo. Baadaye ukitafuta kazi ama kozi utaulizwa umepanda nini, na ukiwa na daftari huhitaji maneno mengi.

Hatua ya 3: Vifaa, na kile usinunue mitumba

Viatu vya kupandia ukivipata Gikomba, lile soko la mitumba Nairobi, chukua, havitakuua. Lakini kamba, hanesi (mikanda ya kiunoni na mapajani unayofungia kamba), slingi (vitanzi vya utepe) na helmeti usinunue kwa mtu usiyemjua hata akikuapia, kwa sababu hujui kamba ililala wapi. Inaweza kuwa ilikaa kwa buti ya gari karibu na betri, na asidi ya betri inakula nyuzi bila kuacha alama yoyote unayoweza kuona kwa macho. Hata mvuke tu unatosha. Ndo maana kamba yangu haipandi boda ikiwa wazi, iko ndani ya mfuko wake kila wakati.

Cha kuanzia: kamba moja ya kunyumbuka ya mita 60, unene milimita 9.8 hadi 10 (nyembamba ni nyepesi lakini kamba ya kazi inasuguliwa kila siku), hanesi, helmeti, karabina (pete za chuma zenye mlango) za kufunga sita ama zaidi, kifaa cha kushikia kamba, slingi ndefu na fupi, na vipande viwili vya kamba ndogo ya milimita 6 vya kufungia prusiki, fundo linaloshika kamba kubwa ukilivuta. Helmeti za wageni na hanesi zao zitakuja polepole.

Sasa soma chuma chako. Karabina imeandikwa ubavuni kitu kama 22 kN. Kilonewtoni moja ni kama uzito wa kilo 100, kwa hivyo hiyo 22 ni zaidi ya tani mbili. Lakini angalia alama ndogo kando yake, ile inaonyesha mlango ukiwa wazi, utakuta 7 ama 8 tu. Maana yake karabina ambayo hujaifunga umeitupa zaidi ya nusu ya nguvu yake, na ni sekunde moja tu ya kuzungusha kile kifungo.

Kamba inakaguliwa kwa vidole, macho hayatoshi. Kila asubuhi kabla ya kazi naipitisha yote mita 60 mkononi, polepole, naikunja kila kipande kama herufi U. Kamba nzima inakunjika ikiwa na duara ndani. Ukifika mahali imelala bapa kama kamba ya kiatu, ama unasikia shimo laini ndani, kiini kimeumia, ikate hapo ama iache. Inachukua dakika kumi na tano. Wageni wakifika wananikuta nikiifanya na sijawahi kuona mgeni akakasirika kungojea hiyo. Na hata kama haijaguswa, ikimaliza miaka kumi tangu itengenezwe watengenezaji wengi wanasema itoke kazini, kamba ya kazi ya kila siku itoe mapema zaidi.

Hatua ya 4: Mafundo, na simu

Mafundo ya kazi ni machache: la nane la kujifungia, klovu ya kujifunga kwa nanga (pale juu kamba inaposhikiliwa), lile la Kiitalia la kushikia kamba ukiwa umeangusha kifaa chako, na prusiki. Manne. Yajue gizani, yajue na mvua, yajue na vidole vimekufa baridi. Mimi nilikuwa nafanya nikiwa nimefumba macho kwa kitanda mpaka mama watoto akazoea.

Lakini kujua fundo sio shida. Shida ni kulimaliza. Mwaka wangu wa tatu nilikuwa nafunga fundo la nane kwa hanesi yangu, nimefanya ile nane ya kwanza, nimepitisha ncha kwa hanesi, simu ikalia. Ilikuwa mteja wa wiki iliyofuata, nikaongea naye dakika mbili, nikarudisha simu mfukoni, nikageuka kwa mwamba nikaanza kupanda. Nilikuwa nimefika kama mita tatu dada aliyekuwa ananishika kamba akaniita kwa sauti ya kawaida kabisa, "hebu shuka kidogo nikuonyeshe kitu". Nikashuka. Akanyosha kidole kwa hanesi yangu. Ncha ya kamba ilikuwa inaning'inia tu imepita mle ndani, haijarudi kufuata ile nane. Ningefika juu nikaegemea, ingechomoka kama uzi kwa sindano.

Kutoka siku hiyo sheria ni mbili na hazina mjadala. Simu inaingia kwa begi kabla hanesi haijavaliwa. Na hakuna mtu anaondoka chini, hata mimi, hata kama ni mita tano, kabla mwenzake hajamkagua kwa kumgusa: bizimu za hanesi, fundo, kifaa cha kushikia, karabina imefungwa. Gusa kila kimoja huku unakitaja. Na ukianza fundo mtu akikuongelesha, usimjibu, maliza. Akikuona una madharau atakusamehe.

Fundo moja zaidi watu wanasahau ni lile la mwisho wa kamba. Piga hesabu: mnara ni mita 25, kamba inapanda 25 inarudi 25, hiyo ni 50, na mafundo yanakula kidogo. Kamba ya 60 inatosha. Ukienda njia ya mita 32 na kamba hiyo hiyo, unamteremsha mtu, ncha inapita mkononi mwako na yeye bado yuko juu. Funga ncha fundo nene kila siku, hata pale unajua inatosha, ili mkono uzoee.

Hatua ya 5: Nanga

Nanga ni pale juu kamba inaning'inia. Iwe na sehemu mbili ama zaidi zinazojitegemea, moja ikitoka ya pili ibaki, na ikitoka isivute ile nyingine kwa mshtuko.

Angalia ile pembe slingi zako zinafanya. Zikikaribiana, chini ya digrii 60, kila upande unabeba kama nusu ya mzigo na kidogo juu. Zikipanuka hadi digrii 120, kila upande unabeba mzigo wote mzima, ni kama hukugawanya kitu. Nimeona watu wamenyosha slingi fupi kati ya mawe mawili kama kamba ya kuanikia nguo wakidhani wameongeza usalama. Beba slingi ndefu.

Na mwamba wenyewe upigie hodi. Kweli, ugonge kwa kiganja. Jiwe zima linanyamaza. Jiwe lililoachana na ukuta linalia kama mtungi mtupu, na pale Hell's Gate yako mengi manake zile nguzo zinaachana zenyewe pole pole. Usiweke kamu nyuma ya jiwe linalolia, inalisukuma nje.

Hatua ya 6: Wenyeji wa mwamba

Hapa nitakaa kidogo manake vitabu vya wazungu havina hii.

Nyuki. Kwetu nyuki ni hatari kuliko kuanguka. Wanakaa kwa nyufa, zile zile nyufa tunapandia, na nyuki wa kwetu hawana subira. Kabla ya kuweka mtu kwa njia yoyote simama chini dakika tano, nyamaza, angalia juu dhidi ya mwanga. Ukiona vidoa vinaingia na kutoka mahali pamoja, ama doa jeusi linalong'aa kwa mwamba, tafuta njia nyingine mbali kabisa. Waambie wageni siku moja kabla: hakuna marashi, hakuna mafuta ya nywele ya kunukia, nguo nyeusi acha nyumbani.

Lukenya siku moja nilikuwa na wageni wanne, mmoja yuko juu kama mita kumi na mbili, nikasikia mlio umebadilika. Sijui nitaelezaje, ulikuwa mlio wa kawaida wa mchana alafu ukawa mwembamba. Nikamwambia "achia mikono yote sasa" na nikamshusha haraka kuliko nilivyowahi kumshusha mtu, akifika chini walikuwa wamemfikia. Tulikimbia kuteremka, shati limefunika uso, tukaacha kila kitu. Alikuwa ameumwa mara kumi na nne, mimi tisa, na kwa sababu hakuwa na aleji alipona jioni hiyo hiyo. Kamba yangu nilienda kuitoa saa mbili usiku wakiwa wamelala.

Kwa hivyo: nyuki wakija mshushe mtu mara moja, usimngoje apange miguu. Kimbia, mbali, usipige piga hewani. Miiba ing'oe haraka kwa ukucha, dakika ya kwanza ndo ya maana, na ile harufu inayobaki kwa ngozi inawaita wengine kwa hivyo usisimame karibu. Na kila mgeni muulize, kwa maandishi, kama ana aleji. Akiwa nayo aje na sindano yake ya adrenalini na akuonyeshe iko mfuko gani.

Nyoka kifutu analala kwa rafu ya jiwe lenye jua na hasogei ukimkaribia, fundisha wageni wasiweke mkono mahali hawajaona. Pimbi wa Fischer's Tower hawana shida, watoto wanawapenda, ila mkojo wao unateleza. Nyani wanajua zipu, chakula kiweke kwa gari.

Ndege nao ni wenye nyumba. Tumbusi wa Rüppell na tai wanataga kwa zile kuta kubwa za Hell's Gate, na mama akifukuzwa kiota kwa saa moja ya jua yai linaharibika. Uliza maaskari wa KWS, shirika la wanyamapori, ukuta gani una viota msimu huo, na huo usiuguse. Usigeuze hii kuwa mjadala na mteja.

Alafu mafuriko. Lile korongo la Hell's Gate mvua inaweza kunyesha mbali na wewe hapo uko na jua, maji yakaja kama ukuta. Septemba 2019 watu saba walikufa hivyo, na 2012 vijana wa kanisa pia. Mawingu yakiwa meusi upande wowote sishukishi mtu korongoni, hata kama wamelipia.

Hatua ya 7: Makaratasi

Nitapita haraka. Leseni ya kuongoza watalii inatoka Tourism Regulatory Authority. Mitihani ya KPSGA, chama cha waongozaji wa safari, ile ya shaba, fedha na dhahabu, sio ya miamba lakini inakufundisha ndege, wanyama na venye ya kuongea na mgeni, na kampuni zinaiheshimu. Kwa Mlima Kenya ulizia ofisi ya KWS habari za kusajiliwa, usipande na mgeni kama huko kwa orodha yao. Bima, yako na ya mgeni. Na kozi ya huduma ya kwanza, lakini sio ile ya siku moja ya ofisini, tafuta ile ya porini ya siku nane hadi kumi, inayokufundisha kukaa na mgonjwa masaa sita gari likiwa halijafika. Hiyo ndo pesa niliyotumia vizuri kuliko zote.

Hatua ya 8: Mtu akigandia katikati

Itatokea kila wiki. Nikupe mmoja. Alikuwa mwalimu, mama wa miaka hamsini na kitu, ameleta darasa lake na wanafunzi wakamwomba apande. Amefika mita kumi, amekumbatia mwamba kifua chote, goti la kulia linacheza kama mashine ya kushona, wanafunzi chini wanapiga kelele "mwalimu! mwalimu!". Kwanza niliwanyamazisha watoto wote. Alafu nikakaza kamba asikie imemshika kiunoni. Alafu nikaongea, sauti ya chini.

"Mwalimu, unanisikia?"

"Nakusikia. Nishushe."

"Nitakushusha, hiyo ni ahadi, ukisema tena mara moja nakushusha. Kwanza hema. Toa pumzi yote, mpaka mwisho. Sawa. Sasa angalia mguu wako wa kulia pekee, usiangalie juu. Unaona lile jiwe la rangi ya kahawia karibu na goti?"

"Naliona."

"Teremsha kisigino. Kisigino kikiwa chini goti litaacha kutetemeka."

Na kweli linaacha, kwa sababu goti linatetemeka ukisimama kwa ncha ya vidole msuli umekazwa muda mrefu. Akateremsha kisigino. Akakaa hapo kama dakika nzima bila kusema kitu. Alafu akasema "nishushe sasa", nikamshusha. Sikumsukuma. Angepanda ama asingepanda ilikuwa yake, na alipofika chini nilimwambia amefika mita kumi na hilo ndo lilikuwa kweli.

Kile usifanye: usimwambie "ni rahisi", usimwambie "usiogope", usimlinganishe na mtoto aliyepanda kabla yake. Mpe kitu kimoja kidogo cha kufanya na mwili wake. Na mtu asiachwe amening'inia kwa hanesi bila kusogea, hata akisema yuko sawa, damu inabaki miguuni na anaweza kuzimia, mshushe.

Na jifunze hadithi za mahali. Fischer ni Mjerumani aliyepita pale miaka ya 1880, lakini Wamaasai wanasimulia huo mnara ni binti aliyekuwa anapelekwa kwa mume, akaambiwa asiangalie nyuma, akageuka kuaga kwao mara ya mwisho, akawa jiwe. Mgeni anayengoja zamu yake akipewa hiyo hadithi anapanda na heshima tofauti.

Hatua ya 9: Ukitaka Mlima

Baada ya miaka kadhaa utataka Mlima Kenya, na sio kilele cha Lenana cha mita 4,985 ambacho watu wanafika kwa kutembea, ila vilele vya Nelion ya 5,188 na Batian ya 5,199, ambazo lazima kamba. Ujue watu wa kazi yetu walikuwako tangu mwanzo: Mackinder alipofika Batian 1899 alikuwa na waongozaji wawili, Ollier na Brocherel, kutoka Courmayeur, Italia, na ilipita miaka 30 kabla ya mtu mwingine kufika, Shipton na Wyn-Harris, 1929. Na usiku wa uhuru 1963 ni Kisoi Munyao aliyepanda na bendera yetu.

Upande wa kusini, Nelion, nenda kati ya mwisho wa Desemba na mwanzo wa Machi mwamba ukiwa mkavu. Upande wa kaskazini wa Batian ni kama Juni hadi Oktoba. Jua linahama na barafu inahama nalo, ukikosea msimu utakuta nyufa zimejaa barafu.

Usimpandishe mtu haraka. Juu ya mita 3,000 usiongeze zaidi ya mita 500 kwa siku pale unalala, na weka siku ya kupumzika. Njia ya Sirimon inakupa kambi ya Old Moses mita 3,300 alafu kambi ya Shipton's mita 4,200, huo ni mruko mkubwa, kwa hivyo mimi nalala Shipton's siku mbili. Mtu akianza kuyumba akitembea kama amelewa, ama anakohoa akiwa ameketi tu na pumzi inamletea sauti ya maji, huyo anashuka usiku huo huo, sio kesho asubuhi. Vidonge havichukui nafasi ya kushuka.

Siku ya Nelion tunatoka Austrian Hut, mita 4,790, saa kumi alfajiri. Njia ina kama pichi 20, yaani vipande vya kupanda kimoja kimoja kwa kamba. Mchana mawingu yanapanda karibu kila siku, kwa hivyo mimi nina saa yangu na naisema kwa sauti jioni iliyotangulia mgeni akisikia: tusipofika kile kibanda kilichovunjika cha Baillie saa nne, tunarudi. Naisema jioni kwa sababu asubuhi tukiwa pale juu na kilele kinaonekana hakuna mtu ana akili ya kukata shauri, hata mimi. Nimegeuza watu wakalia. Mmoja hakunipa mkono tukiagana getini. Nilikuwa naona mawingu yakipanda kutoka bonde la Teleki na yeye alikuwa anaona picha yake na bendera, na wote wawili tulikuwa tumeamka saa nane usiku. Sijawahi kujuta kumgeuza mtu hata mmoja.

Ukifika juu ya Nelion kuna kibanda kidogo cha bati ambacho Ian Howell alikijenga 1970, vipande alivibeba mwenyewe mgongoni, safari 13. Ukilala pale baridi ikikuzidi fikiria hizo safari. Kwenda Batian unavuka Gate of the Mists, lile pengo kati ya vilele viwili, karibu tu kwa macho, lakini kwenda na kurudi panga nusu siku.

Hatua ya 10: Pesa na nyumbani

Msimu unajaa na kukauka. Aprili na Novemba mvua inanyesha na simu hailii. Niko kwa chama na wapishi na mapota (wabeba mizigo) wa Naro Moru, kila safari inatoka kitu kidogo, na Aprili ndo tunagawana. Kodi ya nyumba nalipa kwa miezi ya mbele pesa ikiwapo.

Bei usiitoe kichwani. Andika: usafiri, ada ya hifadhi (hiyo mgeni ajilipie mwenyewe eCitizen), chakula, msaidizi, kuchakaa kwa kamba, alafu siku yako. Kuchakaa kwa kamba watu wanasahau na mwisho wa mwaka hawana pesa ya kununua nyingine, wanaendelea na ile ile, na hapo ndo ajali inaanzia. Omba nusu mbele kwa M-Pesa. Mara moja kampuni fulani ilinipa kundi la siku nne ikaahidi kulipa baadaye, nikangoja miezi mitano nikiwa tayari nimelipa mapota kwa mfuko wangu. Mapota walikuwa na haki yao bila kujali nani amechelewa.

Usichukue zaidi ya wageni wawili kwa kamba moja mlimani, na kwa Fischer's Tower usishike kamba zaidi ya masaa matatu bila kubadilishana na msaidizi. Mteja akikuambia kuna mwingine anafanya kwa bei ya nusu peke yake, mwambie kwa heshima aende naye.

Mwili ni kifaa pia. Vidole vikivimba pumzika. Magoti yangu yanalia nikishuka ngazi, kwa hivyo sasa natembea na fimbo mbili na mzigo wangu ni kilo 18, sizidishi.

Hatua ya 11: Jioni

Wageni wakienda kazi haijaisha. Hesabu karabina zote, moja ikikosekana rudi na tochi. Helmeti zipanguse ndani. Kamba ikiwa na vumbi la Hell's Gate, lile jeupe la majivu, ioshe kwa beseni na maji ya uvuguvugu, sabuni ya mche kidogo tu, suuza mara tatu, ianike kivulini imezungushwa kwa kamba ya nguo bila vibanio, usiiweke juani. Itachukua siku mbili kukauka. Watoto wangu wanajua hiyo kamba haikanyagwi, hata ikiwa imelala katikati ya sebule. Alafu chukua lile daftari la kurasa 96, uandike.